Miezi 26

Mtoto wa kaka yangu alinikuta uani nachambua mchicha. Akanipa shikamoo ya haraka, ya mtu aliyebeba jambo, akapindua ndoo na kuikalia. Ilikuwa Julai, matokeo ya kidato cha sita yana wiki tangu yatoke, kijana ana daraja la kwanza la PCM, na kwao pale Pugu Kajiungeni pilau lilikuwa limeshapikwa mara mbili kwa ajili hiyo.

"Shangazi, mtu akisoma sayansi ya kompyuta anaanza na mshahara wa ngapi?"

"Nani anauliza, wewe au baba yako?"

"Wote. Baba anasema nisikope mpaka nijue deni litalipwa na nini."

Nikamwachia mchicha, nikaingia ndani kutafuta daftari. Swali la kaka lilikuwa la haki. Mimi ndiye mfano pekee walio nao: wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, wa kwanza kukopa serikalini, na kwa kipindi kisichokuwa kifupi nilikuwa yule shangazi mwenye digrii anayeomba nauli kwa kaka mwenye bodaboda. Mambo kama hayo watoto huyaona, hata usipowaambia.

Tabia ya daftari nimeirithi. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa dalali Mnada wa Pugu. Ng'ombe walifika kwa malori kutoka Shinyanga, Singida na Dodoma, wengine wamekonda kwa safari, na wateja wengi walikuwa wachinjaji wa Vingunguti. Watu hudhani kazi ya dalali ni kelele. Baba alikuwa mkimya. Alimpapasa mnyama nundu, akashuka mbavuni, kisha akamwuliza mwenye mali swali moja tu: "Huyu yuko hapa tangu lini?" Kwenye daftari lake kila ng'ombe alikuwa na mstari wake. Bei ya kununulia, usafiri, ushuru, dawa, na mwisho kabisa safu aliyoiita "siku". Ng'ombe aliyenunuliwa kwa bei nzuri akakaa zizini wiki mbili bila mteja anakula majani, anakunywa maji, analipiwa mchungaji, na huku uzito unapungua. Nilimwona baba akimkataa dume mwenye nundu kama gunia la mkaa kwa sababu ya safu hiyo peke yake. Mimi nilianza kumjumlishia safu zile nikiwa darasa la nne. Ajabu ni kwamba nilipokuja kununua kitu cha bei kubwa kuliko ng'ombe yeyote wa mnada ule, safu ya siku sikuiandika.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka wa mabomu ya Gongo la Mboto, 2011. Oktoba nikaingia chuo, masomo yenyewe Kijitonyama, jirani na kituo cha Sayansi. Ada ilikuwa shilingi milioni 1 na laki 3 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo ilinipa asilimia 60 ya ada, pesa ya vitabu, pesa ya mafunzo kwa vitendo, na ile pesa ya chakula na malazi ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaiita bumu. Wakati ule bumu lilikuwa shilingi 7,500 kwa siku. Baki ya ada ilikuwa juu ya baba, na kila mwaka ilimgharimu mnyama mmoja.

Sikuwahi kuliita bumu deni. Sijui kama yupo aliyeliita hivyo. Tulikuwa tunasema "bumu limetoka", kama mtu asemavyo mvua imenyesha, na siku likitoka foleni ya benki ilizunguka jengo. Bumu la miezi miwili lilikuwa kama laki 4 na nusu. Laki moja ilikwenda nyumbani kwa mama, aongezee mtaji wa genge. Nyingine ilikwenda kwa fundi aliyeniuzia kompyuta mpakato iliyochoka, betri yake ikidumu dakika 12 kamili. Nilikuwa nakaa karibu na soketi darasani kama mgonjwa na dripu yake.

Baba alikuwa na utani juu ya masomo yangu. Hapa mlimani kwetu ndipo ilipo Sekondari ya Pugu, aliyofundisha Mwalimu Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aishughulikie TANU. "Mwalimu huyohuyo," baba alikuwa akisema, "serikali yake ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Leo serikali hiyohiyo inakukopesha ukazisomee. Usiulize sababu, chukua." Nikachukua.

Hesabu kamili niliijua baadaye sana. Ada milioni 2 na laki 3 na elfu 40. Vitabu laki 6. Mafunzo kwa vitendo laki 8 na elfu 40. Bumu la miaka 3, milioni 5 na laki 4. Jumla shilingi 9,180,000. Tazama hapo: zaidi ya nusu ya deni langu la "elimu" ni wali, maharage, kitanda na nauli. Silalamiki. Bila wali ule nisingesoma. Lakini watu wanaposema digrii ni ghali, mara nyingi wanaitazama ada, na ada kwangu ilikuwa robo tu ya nilichokopa.

Nilimaliza mtihani wa mwisho Julai 2014. Mwezi mmoja nyuma, Juni, Idara ya Uhamiaji ilikuwa imewaita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, kule Temeke, kwa ajili ya nafasi 70. Walifika zaidi ya 10,000. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja, aliyehitimu mwaka uliotangulia, alikuwa miongoni mwao. Alirudi jioni na viatu mkononi, akasema amekaa jukwaani kama mtu aliyekwenda kutazama mechi ya Simba na Yanga. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilisoma kompyuta, na kompyuta, tuliambiwa, haikosi kazi.

Mshahara wangu wa kwanza niliupata mwisho wa Septemba 2016. Hesabu mwenyewe: miezi 26.

Sitaki niichore kama miezi ya njaa. Nilikuwa kwetu Pugu, nalala kitanda changu, nakula kwa mama. Nilikuwa na kazi pia, ila haikuwa ajira. Nilikaa kwenye steshenari moja Gongo la Mboto, karibu na kituo cha daladala, nachapa barua za maombi ya kazi kwa shilingi 500 ukurasa. Wateja wangu wakubwa walikuwa wahitimu wenzangu. Siku moja nilimchapia kijana barua ya kuomba nafasi ya ofisa tehama, nafasi ileile ambayo barua yangu mwenyewe ilikuwa imekaa kwenye flashi mfukoni. Nilimsahihishia makosa mawili ya herufi. Sikujua kama nilifanya vizuri au nilijichimbia kaburi; hakuna kati yetu aliyeitwa, kwa hiyo haikuleta tofauti.

Katikati ya 2015 niliamua kununua printa yangu. Nilikopa kwa wale tunaowaita kausha damu. Laki 3 taslimu, narudisha shilingi 10,000 kila siku kwa siku 40. Mkusanyaji alikuwa mama mmoja mnene, mpole, anayefika saa 4 asubuhi na kadi ya kijani. Unampa elfu 10, anasaini kisanduku kimoja, anakuuliza watoto hawajambo, anakwenda kibanda kinachofuata. Siku ambayo huna, hafoki. Anakaa kwenye benchi lako, mbele ya wateja wako, mpaka upate. Nilimaliza kadi ile kwa siku 51, na zile 11 za ziada zilikuwa na faini yake.

Nimeiweka hadithi hiyo hapa kwa sababu nilikuja kuichambua miaka mingi baadaye. Theluthi nzima ya nilichokopa niliilipa juu yake ndani ya miezi isiyofika miwili. Nililipa bila kunung'unika, kwa sababu kadi ilikuwa mbele ya macho na mama yule kwenye benchi. Wakati huohuo, deni la milioni 9 nililosomea lilikuwa linakua asilimia 6 kwa mwaka, na sikuwa nalifikiria hata kidogo. Halikuwa na benchi la kukalia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni moja ya watu binafsi katikati ya mji. Mshahara wa msingi shilingi 550,000. Siku ya kwanza kupokea karatasi ya mshahara niliisoma kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja juu. Makato ya mkopo wakati ule yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Yaani shilingi 44,000. Nilifurahi. Nikasema deni limeanza kupungua.

Lilikuwa halipungui. Asilimia 6 ya 9,180,000 ni shilingi 550,800 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, unapata 45,900. Mimi natoa 44,000, tozo ya kulinda thamani ya mkopo inaingiza 45,900. Kila mwezi nililipa, na kila mwezi nilibaki na deni kubwa zaidi kwa shilingi 1,900. Ng'ombe yuko zizini, anauzwa vipande vipande, na bado anakula kuliko anavyouzwa. Baba angeniona angetupa fimbo.

Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato yakawa asilimia 15. Tulipiga kelele nchi nzima, mimi nikiwemo. Kwangu yalitoka 44,000 hadi 82,500 kwa mwezi mmoja, na mwenye nyumba hakupunguza kodi kwa sababu hiyo. Leo nikitazama nasema jambo ambalo halitawapendeza wenzangu: pamoja na tozo ile ya asilimia 6, mtu mwenye mshahara kama wangu asingemaliza deni kamwe kwa makato ya asilimia 8. Asilimia 15 iliuma, lakini ndiyo iliyonifanya nianze kushuka. Kilichokuwa kibaya ni vyote viwili kuwepo kwa pamoja.

Katikati ya 2018 nikaomba taarifa ya deni langu. Nilitarajia milioni 9 na kidogo, pengine 8. Karatasi ilisema milioni 11 na laki moja na ushei. Humo kulikuwa na tozo ya kila mwaka, ada ya uendeshaji ya asilimia 1, na adhabu ya asilimia 10 kwa kuchelewa kuanza kulipa, maana muda wa neema uliisha mimi nikiwa bado kwenye steshenari na sikujitokeza. Hayo yalikuwa makosa yangu. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Karatasi zangu za mshahara zilionyesha nimekatwa miezi 21. Malipo yaliyofika yalikuwa ya miezi 11. Miezi 10, shilingi 82,500 kila mmoja, jumla 825,000, ilikatwa kwangu na ikaishia njiani, mikononi mwa mwajiri.

Nilizunguka na karatasi zile miezi saba. Mhasibu alikuwa na majibu matamu, kila wiki jipya. Mwisho pesa ilipelekwa, na nikapata funzo ambalo ningependa lichapwe nyuma ya kila cheti cha digrii: karatasi ya mshahara isitupwe. Nilizihifadhi kwa sababu tu baba hakuwahi kutupa risiti ya ushuru wa mnada. Wenzangu wawili pale kazini hawakuwa nazo. Mmoja alikubali hasara, akasema amemwachia Mungu.

Januari 2019 nikapata kazi ya pili, mshahara wa msingi shilingi 1,150,000. Hapo ndipo deni lilipoanza kushuka kweli, 172,500 kila mwezi. Mei Mosi ya 2021 nilikuwa kwa kaka, redio ipo juu ya friji, Rais Samia anahutubia wafanyakazi Mwanza. Aliposema tozo ile ya asilimia 6 inaondolewa nikamnyamazisha kila mtu chumbani. Mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa. Kuanzia hapo kila shilingi niliyokatwa ilikwenda kwenye deni lenyewe. Desemba 2023 nikalipa la mwisho. Nilikopa 9,180,000, nimelipa karibu milioni 13 na nusu.

"Kwa hiyo milioni 4 na laki 3 za bure," alisema mtoto wa kaka. Alikuwa ameacha mchicha zamani, anafuatisha tarakimu kwa kidole.

Nikamwambia hizo ni ndogo. Nikamwonyesha ukurasa mwingine, ule unaomhusu baba yake.

Oktoba 2011, mimi naingia chuo, kaka alikuwa na bodaboda moja ya mkataba na ana mtoto wa miaka mitano, ndiye huyu. Hakuwa tajiri. Kwa wastani alikuwa anabaki na laki 3 kwa mwezi. Mpaka Septemba 2016 ni miezi 60. Milioni 18. Pesa hiyo mimi sikuipata, kwa sababu nilikuwa chuo kwanza, kisha kwenye steshenari na kadi ya kijani. Haimo kwenye taarifa ya mkopo wala kwenye risiti yoyote, lakini ni karibu mara mbili ya nilichokopa. Na kazi yangu ya kwanza, baada ya NSSF, kodi na mkopo, iliniachia karibu 368,000, ambayo ukitoa nauli ya Pugu hadi mjini na chakula cha mchana ilikuwa sawa na ya kaka au chini yake. Pengo lilianza kuzibika 2019. Kwa hesabu zangu nilimfikia kaka kati ya 2023 na 2024. Miaka 12 tangu niingie chuo, nimetoka sare na bodaboda.

Najua inavyosikika. Kaka mwenyewe nilipomsomea aliguna, akasema, "Basi wewe ungenunua pikipiki." Lakini ni yeye aliyeongeza la pili: pikipiki yake imeshamvunja mguu mara moja, na akifika miaka 50 haitakuwa inampa zaidi ya inayompa leo. Mimi tangu Januari 2024 makato yamekoma, mshahara umepanda, na nina NSSF na bima. Mtu akipima digrii mwaka wa tano ataiona hasara. Akipima mwaka wa ishirini ataona kitu kingine. Wote wawili wanapima kwa kweli, shida ni kwamba maneno ya mwaka wa tano huyasikii kwenye mahafali, na ya mwaka wa ishirini hayalipi kodi ya chumba.

Sasa tukarudi kwenye swali lake. Nikamwandikia mshahara wa kwanza ambao nauona kwa vijana wanaoanza kwenye ofisi kama yetu, tuseme 700,000. Toa NSSF asilimia 10, yaani 70,000. Zinabaki 630,000 za kukatia kodi, na kodi yake ni 42,000. Mkopo asilimia 15, shilingi 105,000. Mkononi 483,000.

Akaitazama ile 483,000 muda mrefu.

"Si laki 7?"

"Laki 7 ni ya kumwambia mchumba. Hii ndiyo ya kuishi."

Kisha deni. Bumu siku hizi ni shilingi 10,000 kwa siku. Ukiongeza sehemu ya ada na mengine, miaka 3 itamfikisha kama milioni 11 na nusu. Kwa 105,000 kwa mwezi ni miaka 9 na miezi kama miwili, na mshahara ukipanda inapungua. Ingekuwa enzi zetu, tozo peke yake ingekula 57,500 katika kila 105,000. Kwake hailiwi hata senti. Milioni 11 na nusu zisizo na riba, katika nchi ambayo bei hupanda asilimia 3 hivi kila mwaka, ni deni linalokonda lenyewe wakati unalilipa. Nilimwambia wazi: hutakopeshwa tena maishani mwako kwa masharti mepesi kama haya, si na benki, si na kikoba cha mama yako, na kausha damu usiwaulize.

Kwa hiyo mkopo wenyewe haunitishi. Kinachonitisha ni safu ya siku.

Mkopaji wa leo anapewa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kudaiwa. Mimi ningechelewa kwa miezi miwili. Aliyejiajiri naye anadaiwa, asilimia 10 ya kipato na isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi, na dada wa steshenari mwenye printa moja ndiye huyo aliyejiajiri. Na sioni dalili kwamba kungoja kutapungua. Kazi nilizopewa mwaka wangu wa kwanza, kutengeneza fomu za kuingizia taarifa, kuandika ripoti za mwezi, kusaka kosa kwenye msimbo wa mtu mwingine, sasa programu za akili mnemba zinazifanya wakati mtu anakunywa chai. Kitengo chetu kilikuwa kinachukua vijana wanne wa mafunzo kila mwaka. Mwaka jana tulichukua wawili, na mimi nilikuwa kwenye kikao kilichoamua hivyo. Nilipiga kura ya ndiyo. Hilo nalo nilimwambia.

Jioni kaka alikuja, bado na kofia ngumu mkononi, tukakaa watatu. Tulikadiria kijana asiye na kazi, anayelala kwao, anahitaji shilingi ngapi kwa mwezi asiangukie kwenye kadi ya kijani: nauli ya usaili, bando, nguo mara moja moja. Tukafika 80,000. Mara 26 ni milioni 2 na elfu 80. Kijana akasema ataweka kando 30,000 kila mwezi wa bumu, ambayo kwa miaka 3 inafika laki 7 na elfu 20. Kaka akamkazia macho.

"Utaweka?"

"Nitaweka, baba."

"Itumwe kwa shangazi yako. Kwako haikai."

Baki, milioni 1 na laki 3 na elfu 60, kaka alifikiri kidogo, akanyamaza, kisha akasema atanunua mtamba. Mwezi mzima baadaye tulikwenda naye mnadani. Sikuwa nimekanyaga pale tangu baba afariki. Kaka alimpapasa nundu, akashuka mbavuni, akamwuliza mwenye mali yuko hapo tangu lini. Mtamba yupo Chanika kwa ndugu yetu mmoja, na ndama akipatikana anahesabiwa humohumo.

Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, muhuri wa serikali ya mtaa, na mdhamini mwenye kitambulisho. Kaka alidhani atadhamini yeye. Nikasema hapana, nitasaini mimi, maana mimi ndiye ninayejua kinachosainiwa. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda wote ofisi ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri juu ya picha yangu, na usiku uleule fomu ikatumwa.

Daftarini nimemfungulia ukurasa wake. Bumu la kwanza litaingia Oktoba. Safu ya siku inaanza Julai 2028.